Mlinganyo wa Mstari Mnyoofu na Lugha Zilizoubeba

Hisabati mara nyingi huhesabiwa kuwa fani isiyo na lugha. Husemwa kwamba namba ni zile zile kila mahali, na kwamba mlinganyo ulioandikwa ubaoni Dar es Salaam husomeka bila taabu Cairo au Paris. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Historia ya mlinganyo wa mstari mnyoofu yaonyesha kwamba alama zilikuja baadaye. Lugha ya watu ndiyo iliyotangulia.

Mnamo mwaka 820 hivi, mjini Baghdad, mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kuhusu hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Humo hamna herufi x wala alama ya usawa. Kila tatizo limeelezwa kwa maneno matupu, na mwandishi mwenyewe ataja kwamba alikusudia haja za watu katika mirathi, biashara na upimaji wa ardhi. Kiasi kisichojulikana kilichozidishwa kwa chenyewe alikiita mal, neno lile lile ambalo Waswahili hulitamka mali. Al-jabr ni kurudisha kilichopungua: upande mmoja ukiwa na upungufu, kiasi hicho huongezwa pande zote mbili. Al-muqabala ni kukabilisha vitu vya aina moja vilivyo pande mbili, ili kilicho kidogo kiondolewe katika kikubwa. Neno la kwanza limezaa jina aljebra. Mzizi wa neno la pili umo katika Kiswahili, katika kukabili na mkabala. Msamiati wa fani hii, basi, ulichotwa katika maneno ya kila siku.

Hata hivyo, al-Khwarizmi hakuufungamanisha mlinganyo na mstari uliochorwa kwa namna ijulikanayo leo. Hatua hiyo ni ya Wafaransa wa karne ya 17. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefariki mwaka 1665, alionyesha kwamba mlinganyo wa daraja la kwanza wenye viwili visivyojulikana huainisha mstari mnyoofu. Andiko lake, la Kilatini, lilichapishwa mwaka 1679. Kabla ya hapo, mwaka 1637, René Descartes alikuwa amechapisha mjini Leiden kazi yake ya jometri, iliyoeneza desturi ya kutumia x, y na z kwa visivyojulikana, na herufi za mwanzo wa alfabeti kwa vinavyojulikana. Inafaa ikumbukwe kwamba Descartes aliandika kwa Kifaransa, wakati ambapo lugha ya wasomi wa Ulaya ilikuwa Kilatini. Tafsiri ya Kilatini, iliyofanywa na Frans van Schooten, ilitoka mwaka 1649. Kwa hiyo kazi hiyo kubwa ya jometri ilianza katika lugha ya nyumbani, ndipo ikatafsiriwa kwa ajili ya wanachuoni.

Umuhimu wa hatua hiyo hudhihirika kwa mfano mmoja. Mstari upitao katika nukta (2, 1) na (6, 9) hupanda vizio 8 kwa vizio 4 vya kwenda kulia. Mwinamo wake ni 2. Kwa kutumia nukta ya kwanza, mlinganyo wake ni y − 1 = 2(x − 2). Mabano yakifunguliwa na 1 ikiongezwa pande zote mbili, hupatikana y = 2x − 3. Hapo msomaji huona mara moja kwamba mwinamo ni 2 na kwamba mhimili wa y hukatwa penye −3. Ile 3 iliyopungua ikirudishwa, hupatikana y + 3 = 2x; hiyo ndiyo al-jabr yenyewe. Vyote vikikusanywa upande mmoja, mlinganyo huwa 2x − y − 3 = 0. Umbo hili la mwisho halionyeshi mwinamo waziwazi, lakini lina uwezo ambao umbo la y = 2x − 3 halina: laweza kuutaja hata mstari wima, kama x − 4 = 0, ambao mwinamo wake hauhesabiki. Mstari ni ule ule mmoja. Kila umbo hudhihirisha jambo na kuficha jingine.

Istilahi nazo zina tabia hiyo. Mlinganyo, kutokana na kulingana, hujieleza hata kwa mtoto. Neno mteremko, likitumiwa mahali pa mwinamo, humfanya msikilizaji awazie mstari unaoshuka, ilhali mstari wa mfano huu unapanda. Kuchagua istilahi, kwa hiyo, ni sehemu ya kufundisha hisabati yenyewe.

Nchini Tanzania suala hili lina uzito wa pekee. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu ya msingi, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kitumike katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 kukitaja Kiswahili kwa ngazi zote, mtihani wa hisabati wa sekondari uliendelea kuandikwa kwa Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma aliyejifunza mlinganyo kwa Kiswahili hukutana na mwinamo wa mstari, katika sekondari, kwa lugha nyingine. Anaposhindwa swali, mwalimu hawezi kujua kwa yakini kama kilichomshinda ni mstari au ni sentensi iliyoueleza. Wapo wanaohoji, kwa haki, kwamba vitabu ni ghali na walimu wamefunzwa kwa Kiingereza. Hoja hizo ni za gharama na maandalizi, wala si za uwezo wa lugha.

Kwa kuhitimisha, mlinganyo wa mstari mnyoofu umepitia Kiarabu, Kilatini na Kifaransa, na hakuna lugha kati ya hizo iliyoupokea ikiwa na istilahi zote tayari. Kila moja ilizipata kwa kuutumia.