Koti la Rehani (Sehemu ya 4)

ILIPOISHIA: Lee Morgan, mpiga tarumbeta wa Philadelphia aliyeingia bendi ya Dizzy Gillespie akiwa na miaka 18, sasa ni teja wa unga. New York baridi inakata, na amefika kwa Helen Moore hana koti. ENDELEA...

Helen akamuuliza koti liko wapi. Bondi. Na tarumbeta? Nalo bondi.

Huyu ndiye aliyepiga The Sidewinder, santuri ya 1964 iliyouzwa mpaka kampuni yenyewe ya Blue Note ikashangaa. Arosto haijui jina la mtu.

Nyumba ya Helen, Mtaa wa 53, ilijulikana na kila mwanamuziki mwenye njaa: ukitoka kilabu usiku, sahani ya chakula hukosi. Alikuwa amemzidi Lee miaka kama 12, na mjini hapo hakuwa mgeni. Lee alipotaka apewe pesa akalikomboe koti mwenyewe, alikataa. Pesa ile ingeishia kwenye sindano. Wakaongozana mpaka dukani, akalipa kwa mkono wake.

Tarumbeta nalo likarudi. Helen akampeleka hospitali, akawa meneja wake, akampigania malipo. Hawakufunga ndoa, ila watu walimwita Helen Morgan, naye hakukataa.

Lee alipopona akapata nguvu za kupiga, na za kutazama pembeni pia. Akaja msichana mwingine. Helen alijua, mambo kama hayo hayafichiki, hasa ukiwa ndiye unayepokea simu za Lee. Akaambiwa na rafiki zake aondoke. Hakuondoka.

Mkobani mwake kulikuwa na bastola. Aliyempa ni Lee mwenyewe, ajilinde.

Februari 1972, theluji imefunika jiji, Lee anapiga Slugs', kilabu cha East Village. Helen akakodi teksi, akaingia. Msichana yumo. Maneno yakawaka, Lee akamshika Helen na kumtoa nje, koti la Helen limebaki ndani. Mkoba ukaanguka, bastola ikachomoka.

Ndani mapumziko yalikuwa yanaisha, bendi inarudi jukwaani. Helen akaiokota bastola, akageukia mlango. Mlinzi alikuwa na maagizo ya Lee: mama huyu asiingie tena. Akataka kumzuia, macho yakashuka hadi mkononi mwake.

Akampisha.

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO