Kamanyola bila jasho

Ukishuka Ngomo kutoka Bukavu, joto linakupokea kabla hujaiona Kamanyola. Baridi inabaki mlimani, koti linavuliwa humo humo garini, na ukifika kwa akina mama wauza nyanya kando ya barabara ya Uvira, shati limeshakugandia mgongoni. Ndiyo maana niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba Dar es Salaam walikuwa wakicheza "Kamanyola bila jasho", niliuliza: Kamanyola ipi hiyo isiyotoa mtu jasho?

Ni jina letu hili hili, ila lilisafiri njia ndefu. Juni 1964, wiki chache baada ya Uvira kutekwa na waasi, jeshi la serikali ya Kongo lilipigana hapa kwetu, karibu na Mto Ruzizi, na mkuu wake, Mobutu mwenyewe, alikuwepo. Alipotwaa nchi mwaka uliofuata, aliigeuza vita hiyo kuwa sehemu ya sifa zake. Kikosi chake kilichofunzwa na Wakorea Kaskazini kikaitwa Kamanyola. Meli yake ya kifahari katika Mto Kongo, Kamanyola. Hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, ule unaoitwa leo Uwanja wa Mashahidi, ulizaliwa na jina hilo. Mzaire wa miaka ya 1970, hata kama hajawahi kukanyaga uwanda wa Ruzizi, alilijua jina la Kamanyola, na alilijua kwa bunduki.

Miaka hiyo hiyo okestra moja ilitoka Katanga ikahamia Dar es Salaam: Orchestra Maquis du Zaire, ambayo baadaye ilijiita Maquis Original. Walikuwemo Chinyama Chianza, mpuliza saksafoni aliyewaongoza. Nguza Viking kwenye gita la solo. Mbuya Makonga, aliyeitwa Adios. Na waimbaji kama Tchimanga Assosa na Kikumbi Mwanza Mpango, yaani King Kiki. Katanga wanasema Kiswahili, kwa hiyo hawakufika kama mabubu. Ilibidi tu waizoee lafudhi ya pwani, na wakaanza kuimba kwa namna ambayo mtu wa Ilala angeona anaimbiwa yeye.

Dar, bendi bila mtindo wake haikuwa bendi. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, na baadaye Mlimani Park wakaja na Sikinde. Maquis wakatangaza wao ni wana Kamanyola bila jasho. Ilifuata mitindo ya Sendema na Zembwela, lakini mimi navutwa na huo wa kwanza. Jina la kikosi cha askari likawa jina la dansi ya kujiachia, ya mtu aliyemshika mwenzake kiuno na hana haraka ya kwenda popote.

Utulivu huo unausikia vizuri kwenye kanda za Radio Tanzania. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo bendi zilikwenda studio ya redio, Barabara ya Pugu, na kupiga wote kwa pamoja: magita, tumba, saksafoni na waimbaji. Mmoja akikosea, wimbo unaanza upya. Ungedhani hali hiyo ingewatia wasiwasi. Lakini hawa walikuwa watu wa kupiga usiku kucha ukumbini White House, Ubungo, na vidole vyao vilikuwa vimeshajua kila kona ya wimbo. Sikiliza Karubandika, uliovuma miaka ya 1980. Gita linazunguka palepale bila kuchoka, waimbaji wanamaliza ubeti, kisha saksafoni zinaingia taratibu, kama mzee anayeketi barazani kabla hajaanza kusema.

Kanda zile zilirushwa hewani, na mawimbi hayakuishia Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Kwetu jina halikupata bahati ya kuwa dansi. Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi walimiminiwa risasi hapa Kamanyola, wakafa zaidi ya 30, na kwa siku kadhaa dunia ikatutaja. Inaniuma kwamba mgeni akilisikia jina la mji huu anakumbuka maiti au Mobutu. Vijana wetu wana haki ya kujua kwamba kuna mji mkubwa ng'ambo ya ziwa ambako wazee wakilisikia wanatabasamu na kuulizana nani alipiga solo siku ile.

Katika wapiga solo wa Maquis wa miaka ya 1980 alikuwepo mtu wa Kivu, Dekula Kahanga, wanayemwita Vumbi. Kutoka Dar alikwenda Sweden, akaunda Dekula Band jijini Stockholm, na mwaka 2019 wakatoa albamu ya Opika. Niliicheza kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha muuza chai, barabara ya Bugarama, saa nane mchana, jua la utosi. Dereva mmoja wa pikipiki alizima injini yake ili asikie vizuri.