Ngitili

Ngitili (pia: ngitiri) ni eneo la malisho na miti ambalo Wasukuma wa Tanzania hulifunga wakati wa masika ili nyasi zikue, kisha hulifungulia mifugo wakati wa kiangazi. Huweza kuwa mali ya kaya moja au ya kijiji kizima. Hutoa pia kuni, nguzo, asali na dawa za asili.

Wakati wa ukoloni misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka, na katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaziacha ngitili zao.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliodumu hadi 2004. Wenyeji walihimizwa kufufua ngitili na kuacha visiki vichipue vyenyewe. Eneo la ngitili lilikua kutoka takriban hekta 600 hadi zaidi ya hekta 300,000.

Ulinzi wake hutegemea wanakijiji wenyewe: mkutano wa jadi uitwao dagashida, sungusungu na sheria ndogo za kijiji. Anayeingiza mifugo bila ruhusa hutozwa faini. Pale makubaliano hayo yanapolegea, ngitili hugeuzwa mashamba au huliwa na mifugo kabla ya kiangazi.