Wimbo Ununuliwao kwa Salio

Mtu wa Butimba, mahali palipopata sifa katika Mwanza kwa chuo chake cha ualimu ambamo walimu wengi wa muziki na sanaa wamefunzwa, zamani hakununua wimbo. Alinunua kanda, na mwenye kutamani wimbo mmoja tu alilazimika kuzilipia hata zile asizozipenda. Asiye na fedha za kanda alikaa karibu na redio, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akiomba kimoyomoyo mtangazaji asinene kabla wimbo haujakoma.

Zilipoenea simu zenye memori kadi, walizuka, katika Mwanza kama katika miji mingine ya Tanzania, mafundi wenye kompyuta moja na spika kibarazani, kazi yao kuwaingizia watu nyimbo. Mteja alitoa kadi yake, akataja ayatakayo, iwe hip hop ya Fid Q, mtoto wa Mwanza, au kwaya, au rumba ya Kongo, akalipa, akaenda zake na shehena ambayo kanda 10 zisingeibeba. Nasema bila kusita kwamba malipo yale yalikuwa ijara ya kunakili, wala si thamani ya wimbo. Kwani mtunzi, ambaye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha taasisi ya hakimiliki COSOTA, ilikwisha kuikiri haki yake, hakuambulia kitu.

Ukaja muito wa simu, na hapo wimbo mmoja ukapata bei yake peke yake, ikikatwa katika salio. Ajabu ya biashara hii ni kwamba anunuaye hausikii. Ausikiaye ni yule ampigiaye. Mtunzi sasa alikuwa na fungu, ijapokuwa wasanii wamelalamika mara nyingi juu ya udogo wake.

Miaka hiyohiyo, huko Marekani, kampuni ya Harmonix ilitoa mwaka 2007 mchezo uitwao Rock Band, ambao wachezaji wake walipakua nyimbo mpya mara kwa mara, aghalabu kwa dola 2 kasoro senti moja kwa wimbo, hata duka la mchezo huo lilipoacha kutoa nyimbo mpya Januari 2024. Wimbo ule uliuzwa umechambuliwa: gitaa mbali, ngoma mbali, sauti mbali, ili mnunuzi aufuate kwa mikono yake mwenyewe juu ya ala za plastiki. Alilipia kuupiga, si kuusikia tu, na tofauti hiyo naiona kubwa mno.

Kwetu, vijana wa vibanda vya gemu hulipia kandanda, ilhali muziki umehamia katika programu kama Boomplay, iliyokuja ndani ya simu za TECNO tangu 2015, ambamo mtu hununua idhini ya kusikiliza kwa muda. Lau bugobogobo, ngoma ya asili ya Wasukuma, ingechambuliwa ngoma kwa ngoma, ikauzwa kwa salio, mnunuzi wake wa kwanza namdhania yumo darasani pale Butimba, vijiti tayari mkononi.