Grisi ya Atakayekuja Kufungua

Taa ya njano iliwaka tulipokuwa tumeshaipita Itigi. Gari likaisha nguvu, na kutoka hapo hadi Tabora nikawa natambaa nyuma ya malori. Mzee niliyeelekezwa kwake anafanyia ufundi chini ya mwembe. Nilimwamkia, akaitikia, akachomeka kifaa chake cha kupimia, akasoma, akacheka kidogo. "Ni sensa ya joto ya filta ya ekzosi. Sensa yenyewe si kitu, kijana wangu. Kazi ni kuifikia."

Kwa asiyejua, magari ya dizeli ya siku hizi yana filta kwenye ekzosi inayonasa masizi. Masizi yakiwa mengi, kompyuta inaongeza dizeli kidogo ili joto lipande hadi nyuzi 600 hivi, yaungue yaishe. Sensa ndiyo inayoiambia kompyuta joto limefika wapi. Ikifa, kompyuta haithubutu kuwasha moto isioweza kuupima, basi masizi yanajazana na gari linajibana. Na hiyo sensa imefichwa nyuma ya injini, kati ya turbo na ukuta wa kabini. Mkono hauingii, jicho halioni, na uzi wake umeshikana kwa kutu na joto la miaka.

Spea ilikuwa Dar es Salaam. Ingekuja na basi, siku mbili. Nikaenda Kwihara.

Pale Kwihara, kilomita chache nje ya mji, ndipo lilipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley alimwacha Machi, akashuka pwani kumtafutia wapagazi na mahitaji, na mzee wa watu akakaa akisubiri hadi Agosti. Miezi mitano! Miaka kumi na mitano kabla yake, Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika hapa Tabora, wakati ule ikiitwa Kaze, mwezi Novemba. Mimi nilikuwa nanung'unikia basi.

Vitabu vya wasafiri hao vimetuzoesha kuiona njia hii kama njia ya vitu vinavyotoka pwani: vitambaa, shanga, baruti. Havidanganyi, ila vinasahaulisha kwamba Wanyamwezi walikuwa wakisafirisha na kuuza vitu vya huku huku bara muda mrefu kabla, chumvi ya Uvinza kwa mfano, na majembe ya chuma. Majembe hayo yalifuliwa na wahunzi kama Warongo wa kusini mwa Ziwa Victoria, yakauzwa mbali, yakatumika kama fedha, yakatolewa mahari. Jembe lilipochakaa, chuma chake kilirudi motoni. Mhunzi hakuhitaji kumsubiri mtu wa Bagamoyo. Tangu lini basi tumekuwa watu wa kusubiri spea? Nadhani jibu liko stesheni. Reli iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na baada ya hapo mpagazi wa kwenda pwani akakosa kazi. Kitu kilichotengenezwa Ulaya kikaweza kufika ziwani bila kubebwa kichwani. Lakini kikiharibika, aliyekitengeneza yuko kulekule.

Kikubwa kuliko vyote ni meli. MV Liemba, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha 5,000 hivi, ikapita hapa hapa Tabora kwa treni. Iliungwa upya Kigoma na kuteremshwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia (Tabora yenyewe waliitwaa Septemba), Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mashine zikakutwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini, na mvuke ule uliendelea hadi miaka ya 1970 ulipopisha dizeli.

Sina mapenzi na jeshi lile, wapagazi waliolifia ni wengi mno. Lakini hao mafundi nimewafikiria sana.

Niliporudi gereji, mzee aliniuliza: nabadilisha, au naitoa filta kabisa? Ndo mtindo siku hizi. Filta inakatwa, kompyuta inadanganywa, bei inapungua, na hakuna tena sensa ya kukusumbua. Nakiri nilisita, maana hela ilikuwa imekwenda. Afrika Mashariki tulishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, na moja ya faida zake ni kuwezesha filta za namna hii kufanya kazi. Kisha tunazikata wenyewe. Pembeni, mjukuu wake wa miaka kama sita alikuwa amechuchumaa nyuma ya lori linalounguruma, kimo chake sawa na ekzosi. Nikasema tubadilishe.

Ilichukua asubuhi nzima. Aliinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, akaiwasha injini ipate uvuguvugu, akaingia kwa chini, akatoa bati la kuzuia joto, akapitisha boksi lenye mpasuo wa kupitishia waya. Alikuwa anageuza kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa kuogopa isikatikie ndani. Ilipotoka alitulia dakika nzima bila kusema neno.

Kabla ya kufunga mpya alichovya kidole kwenye kikopo cha grisi ya shaba, akaupaka uzi, akaangalia isifike kwenye ncha.

"Hiyo ya nini, mzee?"

"Ya atakayekuja kufungua."

Tukafuta kosa kwenye kompyuta, tukashika barabara ya Urambo, kwenye mji aliouita wake Mirambo, mwendo mmoja bila kusimama. Kwenye kifaa chake namba zilikuwa zinapanda: 400, 480, 560.