Bwana Msa, Willy Gamba na Kalenda

Mwaka 1974 zilitoka riwaya mbili za upelelezi ambazo, ukizisoma kwa kufuatana, hutaamini kuwa ni za mwaka mmoja. Katika Siri ya Sifuri, Muhammed Said Abdulla aliturudisha kwa Bwana Msa, mzee wa kiko na fikra, na sahibu yake Najum. Katika Kufa na Kupona, Elvis Musiba alimleta Willy Gamba, mpelelezi wa serikali anayewasaka majasusi wanaohujumu ukombozi wa Kusini mwa Afrika.

Msa ndiye mkongwe. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la 1957–58, ukachapishwa 1960. Miaka minne baadaye yakaja Mapinduzi ya Zanzibar, na ungetarajia yamguse. Wapi! Kisima cha Giningi kikatoka 1968, Duniani Kuna Watu 1973, na mfululizo ukaendelea hadi miaka ya themanini, lakini Unguja ya Msa ikabaki kwa kiasi kikubwa ile ya kabla ya 1964. Na Abdulla hakuwa mtu wa pangoni: kuanzia 1958 hadi 1968 alifanya kazi katika gazeti la kilimo la Mkulima huko Bara, na mtu wa gazeti huishi kwa tarehe. Kwa maoni yangu alizikwepa kwa makusudi. Mauaji, urithi na siri za ukoo havihitaji kalenda, wala Msa hakulazimika kuzeeka.

Musiba alicheza kamari nyingine. Kikosi cha Kisasi (1979), Njama (1981) na Hofu (1988) zilisomwa wakati Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ikiwa bado na makao yake Dar es Salaam na Makaburu wakitawala Pretoria. Msomaji alitoka kusikiliza taarifa ya habari akaingia kitabuni bila kubadili adui. Kisha 1994 ubaguzi wa rangi ukaanguka, Kamati ikavunjwa, na Uchu ya mwaka 2000 ikabidi itafute maadui wapya. Tena, tukimpa Gamba miaka 30 tu mwaka 1974, katika Uchu ana 56. Hiyo ni miaka mingi kwa mtu wa kuruka madirisha, ingawa Agatha Christie alivuka mipaka zaidi: mpelelezi wake Poirot alikuwa tayari mstaafu katika kitabu cha kwanza cha 1920, na cha mwisho kikatoka 1975.

Kama hadithi tu, Msa amezeeka vizuri zaidi. Lakini kijana anayetaka kujua Dar es Salaam ya miaka ya ukombozi iliogopa nini, nitampa Gamba kwanza. Ndiyo maana nawaomba wachapishaji: mnapovitoa upya vitabu hivi, andikeni wazi mwaka wa toleo la kwanza na ongezeni kurasa mbili za kueleza Kamati ya Ukombozi ilikuwa nini. Msomaji aliyezaliwa baada ya 1994 hawezi kuyakisia hayo.