Salfa na Haidrojeni Nzito: Kutoka Ziwa Tanganyika hadi Mawingu ya Nyota

Wanafunzi wetu hapa Bujumbura husoma sayansi kwa Kifaransa, na baadhi yao hudhani kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba. Makala haya mafupi yanajaribu kuwajibu kwa historia ya vitu viwili.

Tuanze na salfa. Waswahili waliijua zamani kwa jina la kiberiti, lililotoka katika Kiarabu, na kwa kuwa ilitibu ngozi wakaiita pia kiberiti upele. Baadaye jina hilo likahamia kwenye njiti za kuwashia moto, maana tunayoisikia Buyenzi kila siku. Darasani likaingia neno salfa, kutoka Kiingereza.

Haidrojeni nzito ilichelewa kujulikana. Iligunduliwa mwaka 1931 na Mmarekani Harold Urey, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1934. Aliiita deuteriamu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "pili". Katika maji ya bahari, kila atomi milioni moja za haidrojeni zina takriban atomi 156 za deuteriamu.

Vitu hivi viwili vimo katika ziwa letu. Mwaka 1973 msafara wa Harmon Craig ulichunguza kemia ya maji ya Tanganyika. Jua linapoyafanya maji yawe mvuke, yale mepesi hutangulia, na deuteriamu huzidi katika yanayobaki. Kilindini, pasipo oksijeni, mna salfidi ya haidrojeni, gesi inayonuka kama yai viza.

Gesi hiyo hiyo ilionekana angani mwaka 1972, katika mawingu ambamo nyota huzaliwa. Mwaka 2003 ikaonekana katika wingu la Barnard 1 ikiwa na deuteriamu mahali pa haidrojeni zake zote mbili. Hili ni ajabu, kwani angani deuteriamu ni kama atomi moja au mbili kwa kila 100,000. Sababu ni baridi: mawingu hayo yana nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Deuteriamu ikichukua nafasi ya haidrojeni katika molekuli, joto kidogo hutoka. Kuiondoa kunahitaji joto lirudi, na wingu halina. Basi hujilimbikiza. Salfa nayo ni kinyume: sehemu yake kubwa haionekani. Huenda imeganda juu ya punje za vumbi, lakini wataalamu bado wanaitafuta.

Msomaji ataona kwamba tumeyaeleza haya kwa maneno machache tu ya kukopa. Tangu mwaka 1990 tunayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, na tangu mwaka 2007 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunawashauri walimu watumie salfa darasani, ili isichanganywe na njiti za moto, lakini wasiache kusimulia habari za kiberiti. Mwanafunzi akijua neno lilikotoka, halitamtisha.